Kanyagio la Mafuta Likikataa Kurudi



Ndugu wasomaji, zamani mambo ya gari yalikuwa ya baba na fundi wake. Leo sivyo tena. Katika miji yetu, kuanzia Likoni hadi Malindi, aghalabu mama ndiye apelekaye watoto skuli na madrasa, ndiye aendaye Kongowea kutafuta mahitaji ya wiki, na ndiye achukuaye wazee kuwapeleka hospitali. Na asipoendesha yeye, basi ameketi kiti cha mbele, na watoto wako nyuma yake. Kwa hivyo, mambo ambayo dereva hufundishwa, au aghalabu hafundishwi, yanamhusu kila mmoja wetu.

Wiki hii tumechagua jambo moja tu: kanyagio la mafuta linalokwama chini. Dereva ameondoa mguu wake, lakini gari linazidi kuongeza mwendo, na injini inanguruma kana kwamba kuna mtu mwingine anayeikanyagia mafuta. Ni jambo la nadra. Lakini siku litakapotokea, halitatoa nafasi ya kuuliza wala ya kupiga simu. Mtu huokolewa na lile alilolijua kabla ya siku hiyo.

Gari moja, watu wawili

Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na jiji la San Diego katika jimbo la California nchini Marekani, askari wa doria ya barabara kuu, ambaye siku hiyo hakuwa kazini, alikuwa akiendesha gari aina ya Lexus ES 350. Halikuwa gari lake. Aliazimwa na wauza magari wakati lake likishughulikiwa na mafundi. Ndani alikuwamo mkewe, binti yao wa miaka 13, na shemeji yake. Kanyagio la mafuta likanasa chini, na gari likapita mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Shemeji akapiga simu ya dharura, akaeleza kwamba kanyagio limekwama, kwamba breki hazishiki, na kwamba wanaikaribia njia panda. Gari lile liligonga gari jingine, likatoka nje ya barabara, likashika moto. Wote wanne walifariki.

Wachunguzi walipolikagua, walikuta kwamba chanzo ni kitu ambacho kila mmoja wetu anacho ndani ya gari: zulia la miguuni. Lilikuwa zulia la mpira la gari la aina nyingine, kubwa kuliko nafasi yake, tena halikufungwa kwa vishikizo vyake. Kanyagio lilinaswa na zulia hilo.

Lililo zito zaidi ni hili: siku chache kabla yake, mteja mwingine aliazimwa gari lilo hilo, nalo likamfanyia yayo hayo. Yeye alikanyaga breki kwa nguvu, akatia gia huru, akasimama kando ya barabara salama, kisha akalinasua zulia. Aliporudisha gari, alimweleza mfanyakazi wa pale yaliyompata. Hata hivyo gari lilitolewa kwa mtu mwingine, na zulia likiwa ni lile lile.

Aliyefariki alikuwa askari wa barabarani, mtu aliyezoea usukani na mwendo wa kasi. Hakukosa ujasiri wala uzoefu. Ila alikuwa ndani ya gari asilolizoea, ambalo huzimwa kwa kitufe, na kitufe chenyewe, gari likiwa katika mwendo, hakizimi mpaka kishikiliwe kwa sekunde tatu. Ni nani awezaye kulikumbuka hilo katika hali kama ile, ikiwa hakuambiwa mapema?

Baada ya ajali hiyo, mwezi wa Septemba 2009, kampuni ya Toyota, ambayo ndiyo yenye Lexus, iliwataka wenye magari yapatayo milioni 3.8 nchini Marekani wayaondoe mazulia ya upande wa dereva. Januari 2010 ikayaita tena magari yapatayo milioni 2.3 kwa kasoro nyingine: kanyagio lenyewe, likishachakaa, liliweza kunata na kurudi polepole au kubaki chini. Watu wengi walishuku kwamba ni kompyuta za magari zilizoharibika, na serikali ya Marekani ikawaomba wahandisi wa NASA wazichunguze. Taarifa iliyotolewa Februari 2011 ilisema kwamba hawakuona kasoro ya umeme iliyoweza kuleta mwendo huo wa hatari. Yaliyobaki yalikuwa mazulia, makanyagio yanayonata, na madereva waliokanyaga mafuta wakidhani wamekanyaga breki. Machi 2014 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 ili kuimaliza kesi ya kuwapotosha wanunuzi kuhusu jambo hilo.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kuyazingatia haya. Mengi ya magari yetu huteremshwa katika bandari ya Mombasa yakiwa yameshatumika Japani. Mara nyingi zulia la asili halipo tena, au limeraruka. Basi tunanunua jingine kandokando ya barabara, lile linalolingana na mfuko, na hatuulizi kama linalingana na gari.

Mambo yanayolikwamisha kanyagio

Tuanze na zulia, kwani ndilo lililo rahisi kulishughulikia. Hatari huja linapokuwa kubwa mno, linapoteleza kuelekea mbele, linapogeuzwa juu chini, au linapotandikwa juu ya jingine. Hili la mwisho limeenea sana majumbani mwetu: zulia zuri liko chini, na juu yake pametandikwa la plastiki ili lile zuri lisichafuke kwa mchanga na matope ya masika. Mawili hayo hayashikani. Kila dereva anapoingia na kutoka, la juu husogea kidogo, mpaka siku moja ukingo wake unafika chini ya kanyagio la breki au juu ya kanyagio la mafuta. Kipande cha kapeti ya sebuleni kilichokatwa kwa mkasi nacho ni vivyo hivyo.

La pili ni vitu vinavyobingirika. Chupa ya maji iliyoachwa chini ya kiti cha dereva, mpira wa mtoto, au kiatu kilichovuliwa huenda mbele kila gari linapofunga breki. Chupa ikiingia nyuma ya kanyagio la breki, breki haitashuka. Kiatu kikilalia kanyagio la mafuta, mafuta hayatafungika.

La tatu linatuhusu sisi hasa, dada zangu. Upindo wa buibui au abaya iliyo ndefu huweza kuzunguka kifundo cha mguu, au kunaswa baina ya kisigino na kanyagio. Si lazima kubadili mavazi. Inatosha, baada ya kuketi, kuukusanya upindo na kuuweka juu ya mapaja kabla ya kuwasha injini. Kandambili ni hatari zaidi kuliko nguo, kwa sababu hujikunja na kupenya chini ya kanyagio, na kiatu cha kisigino kirefu hukwama kwenye zulia. Weka jozi ya viatu bapa ndani ya gari, lakini si chini ya kiti chako.

La nne limo ndani ya boneti, ambako jicho letu halifiki. Katika magari ya zamani, kanyagio huvuta waya unaofungua njia ya hewa ya injini, na springi ndiyo inayoifunga tena. Waya huo huchakaa, nyuzi zake zikakatika moja moja na kukwaruzana ndani ya mfuko wake. Springi hulegea. Masizi nayo hujikusanya pale penye mlango wa hewa, yakawa kama gundi. Hewa yetu ya chumvi huongeza kutu katika kila chuma. Lakini gari haliharibiki hivyo bila kutoa ishara: kanyagio huwa zito asubuhi, au hunata mwanzoni kisha likaachia kwa kishindo, au hurudi polepole, au injini huendelea kunguruma sekunde kadhaa baada ya mguu kuondolewa. Mwenye kuziona ishara hizi asiseme kwamba gari limezeeka tu. Amwendee fundi siku hiyo hiyo, na amweleze kwa maneno wazi kwamba kanyagio la mafuta halirudi.

Likitokea ukiwa barabarani

Yapo mambo manne, na mpangilio wake una sababu.

Kwanza, kanyaga breki kwa nguvu zako zote na usiiachie. Tumia miguu yote miwili ukihitaji. Usiipige breki mara nyingi mara nyingi kama wengi wetu tulivyofundishwa. Sababu ni kwamba katika magari mengi ya petroli breki husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Injini inapofunguliwa kabisa, mvuto huo haupatikani, na akiba iliyopo hutosha kukanyaga mara moja au mbili tu. Ukiipiga mara tatu au nne, kanyagio la breki litakuwa gumu kama jiwe, nawe utadhani kwamba breki zimeharibika. Ukikanyaga mara moja na kushikilia, breki nzima huishinda injini. Jarida la magari la Car and Driver lililijaribu hili nchini Marekani mwaka 2009 kwa Toyota Camry iliyokuwa ikienda takriban kilomita 112 kwa saa huku mafuta yakiwa yamefunguliwa kabisa. Gari lilisimama kwa breki peke yake, na umbali ulizidi wa kawaida kwa mita tano hivi.

Pili, tia gia huru, ile iliyoandikwa N, ambayo mafundi wetu huiita nyutro. Hili ndilo neno kubwa katika makala hii, na ndilo alilolifanya yule mteja wa kwanza. Gia ikiwa huru, injini haina tena njia ya kuzisukuma tairi. Itapiga kelele za kutisha, nawe usizijali. Injini ikiharibika hununuliwa nyingine. Katika magari mengi ya otomatiki, mkono wa gia hutoka D kwenda N kwa kusukumwa tu, bila kubonyeza kitufe chake, na husimama hapo hapo kwenye N. Kwa hivyo usikibonyeze kitufe, usije ukapitiliza. Katika gari la gia za kawaida, kanyaga klachi na utoe gia.

Tatu, shika usukani kwa utulivu, washa taa za dharura, piga honi, na ulielekeze gari kando ya barabara. Usiiname kulivuta zulia kwa mkono. Mwenye kuinama haoni njia, na kuinama kwenyewe huupotosha usukani.

Nne, gari likishasimama kabisa, vuta breki ya mkono, kisha zima injini. Usiizime mapema ikiwa gia huru imekubali, kwa sababu injini ikizimwa usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake. Lakini ikiwa gia imekataa na breki hazitoshi, hapo hakuna budi kuzima. Geuza ufunguo hatua moja tu kurudi nyuma, wala usiuchomoe, kwani ukichomolewa usukani hujifunga na gari haliongozeki tena. Kwa gari la kitufe, kishikilie kwa sekunde tatu au zaidi, au kibonyeze mara kadhaa mfululizo. Magari hutofautiana, na kitabu cha gari hueleza. Breki ya mkono peke yake ni dhaifu mbele ya injini iliyofunguliwa. Isitegemewe kuwa ndiyo ya kwanza, na ikitumika ivutwe kidogo kidogo ili gari lisizunguke.

Mkishasimama, shukuruni Mwenyezi Mungu, teremsheni watoto upande usiopita magari, na msiliendeshe tena gari hilo mpaka sababu ijulikane. Kama ni zulia, litoeni kabisa. Kama si zulia, gari livutwe mpaka kwa fundi. Na kama gari ni la kukodi au la kuazima, mwambieni mwenyewe, na mhakikishe kwamba amelitoa njiani. Ile taarifa ya California ilitolewa, lakini iliishia kwa aliyeipokea.

Aketiye kando ya dereva

Mara nyingi mama, au kijana mkubwa wa nyumba, ndiye akaaye kiti cha mbele. Huenda hana leseni na hajawahi kushika usukani. Lakini mkono wa gia uko baina yake na dereva. Dereva aliyepatwa na fazaa hukaza mikono yote miwili kwenye usukani, akaukodolea macho mgongo wa lori lililo mbele, na akasahau kila kitu. Aliye kando yake anaweza kumwambia maneno mawili: "Breki! Nyutro!" Dereva asiposikia, mwenzake anaweza kuusukuma mkono wa gia mwenyewe mpaka kwenye N.

Tunasema hivi tukijua kwamba si adabu kumwingilia dereva kazini mwake. Kwa hivyo mzungumze nyumbani, kabla ya safari, na mkubaliane: "Bwana, siku mafuta yakikwama, mimi nitatia gia huru. Usinizuie." Ni mazungumzo ya dakika mbili, na hakuna bwana mwenye busara atakayeyachukia. Jambo la kukatazwa kabisa ni abiria kuushika usukani au kuvuta ufunguo.

Mjue pia kwamba mkono wa gia hauko pahali pamoja katika kila gari. Katika magari mengi uko baina ya viti. Katika Noah nyingi za zamani uko kwenye dashibodi. Katika baadhi ya magari ya haibridi ni kijiti kifupi kinachorudi chenyewe katikati, na humo N hupatikana kwa kukishikilia upande wake kwa muda kidogo. Jueni lenu likoje.

Mguu uliokosea njia

Kuna upande mwingine ambao watu huona haya kuuzungumzia. Mara nyingi gari "linaloruka lenyewe" limekanyagiwa mafuta na mguu uliodhani uko kwenye breki. Serikali ya Marekani ililichunguza jambo hili katika taarifa yake ya mwaka 1989, baada ya malalamiko mengi juu ya gari la Audi 5000, na ikaona kwamba sababu kubwa ilikuwa hiyo. Hutokea zaidi wakati wa kuegesha, wakati wa kurudi nyuma huku shingo imegeuzwa, na kwa dereva aliyeingia ndani ya gari asilolizoea.

Ubaya wake ni kwamba mtu huyo, kila gari linapozidi kukimbia, huzidi kukanyaga, kwa kuwa ana yakini kwamba yuko kwenye breki. Dawa yake ni kuondoa miguu yote miwili sakafuni mara moja, kisha kuitafuta breki upya. Injini ikitulia mara tu mguu ulipoondoka, utajua ulikuwa mguu. Ikiendelea kunguruma, utajua limekwama, nawe utafuata yale manne. Hili si la vijana wala wazee peke yao. Mzazi wetu mkongwe likimpata, tusimcheke. Tukae naye, tutazame viatu vyake, tukirekebishe kiti chake kimfikishe vizuri, na tumwombe aweke kisigino usawa wa breki kila anapoegesha.

Zoezi la dakika kumi

Wikendi hii, kabla ya kutoka kwenda kuwaamkia wazazi, fanyeni hivi nyumbani. Toeni kila zulia la upande wa dereva. Rudisheni moja tu, lile linalokaa sawa na lenye vishikizo. Kama hamna, bora sakafu ibaki tupu. Kanyageni mafuta mpaka chini, injini ikiwa imezimwa, mwachie, na mtazame kama kanyagio linarudi upesi bila kugusa kitu. Ingizeni mkono chini ya viti mtoe chupa na vitu vya watoto.

Kisha, gari likiwa pahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, swichi imefunguliwa lakini injini haijawashwa, na mguu uko kwenye breki, kila mwenye umri wa kukaa mbele atie gia D kisha airudishe N. Afanye mara tano akitazama, na mara tano akiwa amefumba macho. Mwambieni mwanafunzi wa udereva aliyeko nyumbani afanye vilevile, kwani huenda mwalimu wake hakumfundisha.

Dua ya kupanda chombo tunaisoma, na tuendelee kuisoma. Kuinama na kulitazama zulia kabla ya kuisoma hakupunguzi tawakkul hata kidogo, kwani kuchukua sababu ni katika tuliyoamrishwa.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote, na awarejeshe majumbani salama. Tukijaaliwa, tutakutana tena wiki ijayo. Wabillahi tawfiq.